Pini Isiyosikia

Jumanne, Mlingotini

Nilijua tangu jana. Kwenye dreva aliyoandika, ile programu inayounganisha mtambo wa kikaushio chetu na kipimajoto chake, mwenzangu Idrisa ameiweka pini ya waya wa kipimajoto itoe ishara tu, wakati inatakiwa iulize, kisha igeuke ipokee jibu. Inasema, haisikii, kama yeye mwenyewe. Nikanyamaza ili aaibike mbele ya kina mama wanaolima mwani.

Ameaibika. Mtambo haukupata habari ya joto, feni haikuwaka, na mwani wote wa Bi Mwanaidi umeungulia ndani ya kikaushio. Jasho la mwezi mzima.

Raha yangu haikufika adhuhuri. Bi Mwanaidi alitushika mikono. "Nisameheni wanangu, labda nilikigusa vibaya."

Idrisa akainamisha kichwa. Mimi nikamjibu, "Usijali, mama. Siku nyingine usikiguse."