Nani Anafungua Plasta Zangu?

Jumapili, 6 Julai

Mkono wangu una bahati. Sijisifu, naandika kilichopo. Tangu nianze kuwafunga vijana wa timu plasta ya kukaza vifundo, hakuna aliyeteguka kifundo. Timu nyingine za kisiwa zinabeba watu kwa machela. Sisi tunabeba vikombe.

Leo tena tumeshinda, mbili bila. Zote za Saidi. Kifundo chake cha kulia kilimlaza msimu mzima mwaka jana, kabla sijashika kazi hii. Sasa anakata kona kama pikipiki. Nani kamfunga? Mimi, Karisa. Shule niliachia darasa la sita, lakini mizigo ninayofunga pale godauni Shimanzi inafika Kongo bila kulegea. Kifundo cha mtu kitanishinda?

Utaratibu wangu haubadiliki. Saa tisa namfunga Saidi na mabeki wawili, halafu naenda uwanjani Tononoka kuchora mistari ya chokaa. Bakari, nahodha, aliwahi kuniomba niwafunge baadaye kidogo. Nikamwambia plasta ni kama wali, ukishaepua lazima utulie kwenye mvuke wake. Alicheka akaenda zake.

Jambo moja lakini. Jioni nilikuwa nafagia kile chumba tunachovalia. Ndani ya debe la taka nikakuta plasta yangu. Naijua, mwisho wake naukunja kwa ndani kama ninavyokunja nailoni ya mizigo. Imekatwa kwa mkasi. Imelowa maji, na haina hata chembe ya vumbi la uwanja.

Ilivuliwa kabla ya mechi. Na nani?

Jumanne, 8 Julai

Kazini leo akili haipo. Nimefunga mzigo wa sabuni pamoja na kofia yangu. Wenzangu wamecheka mpaka mchana.

Si jambo la kuchekesha. Tarehe ishirini anakuja mtu kutoka Nairobi, wa timu kubwa, kumtazama Saidi. Akimpenda, kijana anaondoka na mkataba. Kifundo kikigeuka tena, anarudi kwenye kimeza chake Mji wa Kale kubadilisha vioo vya simu. Bi Rukia, mamake, ameshaanza kunoa maneno ya kuwaambia majirani.

Yupo asiyetaka Saidi aende. Namfikiria Mutiso, kipa wetu wa akiba. Mtu wa bara, kazi yake bandarini, kimya sana. Amepanga chumba ploti moja na vijana wa timu ya Liwatoni, na ni Liwatoni tutakaocheza nao hiyo tarehe ishirini. Mtu kimya simwamini. Mimi nasema kila kitu, ndiyo maana sina siri.

Uchawi siuamini. Lakini leo usiku nafunga mlango mara mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Mazoezi saa kumi na moja. Niliwafunga pale pale uwanjani. Walipomaliza nikamvua Saidi soksi kwa mkono wangu, nikajifanya naangalia kucha. Plasta ipo. Kavu, imara, mwisho umekunjwa ndani.

Kwa hiyo siku za mazoezi haiguswi. Siku za mechi tu. Huyu mtu ana hesabu zake.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwona.

Niliwafunga saa tisa kama kawaida. Nikaenda na gunia langu la chokaa, nikachora upande mmoja, kisha nikarudi mbio kwa njia ya nyuma. Nikachungulia dirishani. Saidi kakaa kwenye benchi, mguu mtupu. Mutiso kapiga goti mbele yake, mkasi chini, mkononi ana roli ya plasta. Roli yangu!

Lililoniuma zaidi: Saidi alikuwa anacheka.

Nikaondoka dirishani kwa kunyata. Mimi, nisiyeweza kunyamaza hata mazishini. Nilirudi kuchora, na mstari wa pili umetoka kama njia ya nyoka. Refa kaniuliza kama nimelewa.

Tumeshinda tena. Hilo ndilo linalonitia shaka kabisa. Mwizi mwerevu haibi siku ya kwanza. Anakuzoesha.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimemtoa mtu kwenye timu.

Nilingoja wakusanyike wote. Nikasema mbele yao kwamba kuna mtu anafungua kazi yangu na kuweka yake mbovu, ili tarehe ishirini kifundo kiachie na Liwatoni wafurahi.

Mutiso akainuka. "Karisa, unaniita msaliti?"

"Sikuiti, yakhe. Nakutaja."

Alimtazama Saidi. Saidi akatazama viatu vyake. Alimtazama Bakari. Bakari akasema, "Mzee Karisa, wacha haya, tutazungumza kando." Nikamwambia kando ndiko kunakopikwa fitina. Mutiso akafungua mkoba wake, akaitoa roli yangu na mkasi, akaviweka chini taratibu kama mtu anayerudisha vyombo vya jirani. Akaondoka.

Hakuna aliyenitetea. Hakuna aliyenipinga pia. Wana aibu, nadhani, kwa kutoliona mapema.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelala vizuri siku tatu. Karibu vizuri.

Vijana hawacheki nikisema. Jana niliwapa kile kisa changu cha baharia Mfilipino na mbuzi, kisichowahi kushindwa. Waliendelea kufunga kamba za viatu. Bakari aliniita tena, "Mzee, nina neno nawe." Nikamwambia alibakishe mpaka tushinde.

Usoni anaonekana mtu anayeficha kitu. Je, naye?

Jumapili, 20 Julai

Nilimfunga Saidi mwenyewe. Mizunguko miwili kwenye kifundo, kisigino nikakibana pande zote. Nikambusu gotini, wenzake wakaona. Nikaenda kuchora.

Mtu wa Nairobi alikaa kivulini, miwani myeusi. Kipindi cha kwanza Saidi alimpa cha kutazama. Bi Rukia alikuja na shoga zake, wamejifunika leso zao nzuri.

Kipindi cha pili. Aliruka peke yake, hakuna aliyemgusa. Alitua kwenye kishimo. Nilikuwa mbali, lakini niliuona mguu ukienda upande wake na mwili upande mwingine.

Nilikimbia na barafu. Nikavua kiatu. Nikavua soksi.

Mguu mtupu. Hamna plasta. Ngozi tu, na imeanza kuvimba.

Nikauliza kwa sauti, nani kaifungua? Mutiso hayupo!

Mtu wa Nairobi aliondoka kabla ya filimbi.

Jumatatu, 21 Julai

Sikwenda kazini. Nimekwenda kwao Saidi, Mji wa Kale, ile nyumba yenye ngazi nyembamba. Mfupa haukuvunjika, hospitali wamesema. Wiki nyingi za kukaa. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mito.

Nikamwambia nataka jina la mtu aliyemfungua. Akasema, "Mimi."

Bi Rukia ndiye aliyenieleza, anamenya vitunguu huku hanitazami. "Mwanangu anaswali alasiri kabla ya mechi. Akitawadha, ataoshaje mguu na plasta yako? Maji si lazima yafike ngozini?"

Nikasema mbona nimeona watu wana bandeji na wanaswali.

"Wana majeraha, hao wanapangusa juu. Wewe si ndiye unayepiga kelele uwanja mzima kwamba mguu ni mzima, plasta ya kinga tu? Mguu mzima unaoshwa, baba."

Miaka yote hii kisiwani. Adhana ndiyo saa yangu ya kuamkia. Najua nani anaswali msikiti gani na nani anadanganya. Na sikuwahi kuweka mambo mawili pamoja: namfunga saa tisa, alasiri inaingia kabla ya saa kumi, mpira unaanza saa kumi na robo.

Walikuwa wanazikata plasta zangu bombani, Saidi na mabeki wote wawili, kila mechi. Mutiso ni Mkristo kama mimi, hubaki chumbani akilinda viatu. Wakirudi msikitini anawafunga upya. Jana hakukuwa na wa kuwafunga. Saidi alijaribu mwenyewe, muda ukamshinda, akavaa soksi akaingia.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Saidi akajibu polepole, "Tulikuambia ufunge baadaye, ukatuambia habari ya wali. Na unavyojisifia mkono wako, mzee wangu, nani angekuvunja moyo?"

Nilikaa kwenye ngazi nje muda mrefu. Paka mmoja alinipita kama sipo.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda kwa Mutiso. Nilitayarisha mzaha wa kuanzia, mlangoni ukanitoka kichwani. Nikamwambia nimekukosea, na kijana ameumia kwa mdomo wangu.

Alinisogezea kigoda. Kisha akasema, "Ile roli nilikuwa naitumia kwa njia yako. Nilikutazama ukifunga, nikaiga. Hata mwisho naukunja ndani."

Akachemsha chai.

Anarudi. Si kwa ajili yangu, amesema. Kwa ajili ya wale mabeki.

Jumapili, 27 Julai

Alasiri nilikaa kwenye baraza nje ya msikiti, natunza ndara za watu na roli mfukoni. Walipotoka nikawafunga pale pale, mabeki wawili, miguu imeshakauka. Mutiso alifunga mmoja, mimi mmoja. Yake na yangu huwezi kuzitofautisha. Chokaa nilichora asubuhi. Kumbe inawezekana.

Sare, bila kwa bila. Hakuna aliyeumia.

Nilimpelekea Saidi mahamri. Nairobi hawajapiga simu. Sikumwambia watapiga. Tulicheza karata, akanishinda.

Nimeisoma ile siku ya kwanza hapo juu. Niliandika mkono wangu una bahati. Ni uongo. Kabla ya leo, hakuna mechi hata moja ambayo plasta yangu iliingia uwanjani.