Kijiko cha Kokteli ya Esther

Jumamosi usiku

Nimenawa kwa sabuni, lakini mikono bado inanuka ndimu.

Binti yetu Esther amemaliza masomo, akataka kuwapa rafiki zake kokteli. Nilikubali kwa shingo upande. Tangu Pasaka baba yake hajagusa pombe, na leo chupa ya vodka imekaa mezani kwetu asubuhi nzima.

Baba yake mwenyewe alikaa nasi uani, akamenya mananasi. Mimi nilikamua marakuja na ndimu. Esther akamimina vodka ndani ya beseni, akakoroga, kisha akamnyooshea baba yake kijiko, kama alivyozoea tangu utotoni.

"Papa, onja kidogo. Sukari iko?"

Hakuwaza kitu, mutoto wangu. Papa Esther akakiangalia kile kijiko. Kisu kikasimama mkononi mwake.

Nikakichukua mimi, nikameza. Mimi ambaye tangu ubatizo sijaonja hata bia.

"Aa, mama shemasi," Esther akacheka, "leo unakunywa?"

"Iko kali. Ongeza sukari."

Wageni walipoondoka, Papa Esther aliniletea chupa jikoni, ikiwa nusu.

"Mama Esther, ficha hii pahali sitajua."

Nimezunguka vyumba vyote nayo chini ya kitenge. Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, hakuna pahali asipopajua. Bon, basi, nimeimwaga nyuma ya choo.

Kesho Esther ataiulizia. Aiulizie tu.

Ee Bwana, nimechoka. Mulinde huyu mwanaume hata asubuhi.