Gambuti Zilizobaki Mlangoni

Gesima, Nyamira
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na miguu, bado inavimba ukikaa sana sokoni? Bibi naye bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi ni mzima. Nalirudia kwa sababu najua utalisoma mara mbili: mimi ni mzima. Nimekaa mwenyewe kitini, nimekula ndizi na zile mboga chungu wanazoziita chinsaga, na kidonda kimefunga.

Juzi kwenye simu hatukuongea, tulilia tu. Lakini kabla hujakata ulisema neno ambalo halijanitoka: "Rehema, rudi nyumbani ukae. Utakufa kwa watu ambao baba mkwe wako hata mlango wako hajawahi kuukanyaga." Ni mimi niliyekupa habari hizo nilipoolewa, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Leo nimeshika kalamu nikueleze yote, kisha useme kama bado unataka nirudi.

Ilikuwa siku ya Sabato. Huku nusu ya kijiji husali Jumamosi, na mama mkwe alikuwa kanisani. Mume wangu Ombati alikuwa zamu kiwandani Itumbe, maana majani ya chai hayajui Sabato, na simu yake huwa anaifungia kabatini akiwa kazini. Tumbo lilikuwa likiniuma kwa siku kadhaa, nami nikanyamaza. Nilijiambia mkamwana mgeni halalamiki, watasema huyu wa Muheza ni legelege, kikapu cha chai kimemshinda. Asubuhi ile maumivu yakapanda mpaka begani, macho yakaingia giza, nikaanguka na sufuria ya uji. Sikujua kama nina mimba, Mama. Kumbe ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, mrija umepasuka, na damu inamwagikia ndani.

Baba mkwe alikuwa amebaki nyumbani kwa ajili ya ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Aliisikia ile sufuria. Nikamsikia anakohoa nje, kama anavyokohoa siku zote akipita kwenye ua wangu. Akaita, "Mokamwana!", ndiyo kusema mke wa mwanangu. Sauti ya kuitika sina. Akaita majirani, kimya, wote wako kanisani. Kisha nikasikia kitu ambacho sitakisahau mpaka naingia kaburini: anavua gambuti zake. Ya kwanza, halafu ya pili. Mimi nakata roho, mzee anavua viatu! Nikikumbuka nacheka, na nikicheka mshono unavuta.

Akasema, "Mungu anaona," akaingia. Akanipandisha mgongoni, akapita nami kwenye chai, peku, mpaka barabarani kwenye kokoto. Pikapu ya ndizi ilikuwa inaelekea Kisii mjini. Dereva akasema imejaa. Baba mkwe akamwambia, "Toa ndizi, weka mtu." Naye akaanza kuzishusha mwenyewe.

Hospitali nilipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Watu wa kanisa walipopata habari walikuja na nguo zao za Sabato, wakanitolea damu. Kwa hiyo, Mama, binti yako sasa ana damu ya Kisii, labda ndiyo maana chinsaga naiona tamu. Daktari anasema mrija mmoja umetolewa, wa pili ni mzima, na bado naweza kuzaa. Nimemlilia yule ambaye sikujua hata kama yupo, na siku nyingine bado namlilia. Ila nafurahi kuwa hai. Nafurahi mpaka naona aibu.

Niliporudishwa nyumbani nilizikuta gambuti palepale mlangoni, buibui ameshaanza kutanda. Ombati akainama azichukue ampelekee baba yake, maana mzee alikuwa anakwenda zizini na makubazi yaliyokatika kamba. Mama mkwe akamkataza. "Wacha hapo! Baba yako alisema hizo zitatoka na mwenye nyumba, akitembea na miguu yake."

Basi nikamuuliza mama mkwe lile lililonikaa kooni tangu niolewe: mbona mzee haingii kwangu? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu huvaa nguo. "Mzee hawezi ingia kwa nyumba ya kijana yake ameoa. Ni heshima. Tunaita chinsoni." Ni soni ileile yetu, Mama, ila wao wameijengea ukuta. Akaendelea, "Na hiyo kukohoa, ulifikiri ni homa? Ni wewe anasalimia. Kila siku. Na wewe unanyamaza tu!"

Wazee wa ukoo nao walikuja kumuuliza baba mkwe mbona aliingia. Akawajibu, "Mimi ningebaki nje na heshima, halafu tuzike mtu?" Wakanywa chai, wakaenda zao.

Kunyamaza nimekuacha. Mama mkwe hanipi hata nafasi, kila asubuhi ananiuliza hali. Nikijibu "sijambo" ananiambia, "Hiyo ni salamu. Mimi nauliza tumbo." Basi namjibu habari za tumbo, kama linauma nasema linauma, na hakuna aliyeniita legelege.

Leo asubuhi niliziosha zile gambuti, nikazibeba mwenyewe polepole mpaka kwenye ua wa baba mkwe. Sijatembea mbali hivyo tangu nikatwe. Alikuwa zizini na ndama. Nikaziweka chini, nikakohoa. Akaja akazivaa bila kunitazama, kisha akamwambia ng'ombe, tena kwa Kiswahili ili nisikie: "Huyu amepona."

Nitakuja, Mama. Msimu wa machungwa nitakuja na Ombati, unilishe mpaka unichoke. Lakini kukaa, nitakaa huku.

Msalimie Bibi, mwambie kuku wa watu awaache. Msalimie Mjomba na machungwa yake, na mdogo wangu kitindamimba, asome, na akiumwa aseme. Shangazi aliyefunga kuniombea mwambie ale sasa.

Ng'ombe wanarudi kunywa maji, na kuna mtu anakohoa hapo kwenye ua. Ngoja nimwitikie.

Mwanao aliye hai,
Rehema