Mume Wangu Anamwongezea Binti Yetu Sekunde

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, na unisamehe mwandiko, shule niliishia darasa la tano, na barua hii naiandika nimekalia ndoo nyuma ya karakana ya mume wangu ili randa ikinyamaza nijue anakuja.

Mume wangu ni seremala, mtu mzuri, hanywi, hapigi, ila ana ugonjwa mmoja wa mbio. Akiwa kijana alikimbia mita mia nane, miguu mitupu kwenye uwanja wa vumbi, akashinda kwa dakika mbili na sekunde mbili, na muda huo ameuchonga kwenye ubao akautundika juu ya televisheni, mgeni haketi kabla hajausoma. Mbio zikionyeshwa yeye hatazami, anapiga hesabu, huyu mtoe viatu vya kisasa, huyu mtoe ile njia ya raba, huyu alikuwa na mtu wa kumvuta mbele, mwisho mabingwa wote wa leo wanabaki nyuma ya watu wa zamani zake, na yeye mwenyewe yumo humo humo karibu na mbele. Sisi tulikuwa tunacheka tu.

Sasa binti yetu wa miaka kumi na saba mwezi uliopita amekimbia mbio zile zile kwa dakika mbili na sekunde moja, kwa saa ya umeme, mimi nikalia kwa furaha, baba yake akaomba kalamu. Akamwongezea sekunde mbili za viatu, mbili za njia, na moja ya shibe kwa sababu eti yeye siku ile alikimbia na njaa, ikawa mtoto ameshindwa kwa sekunde nne. Mtoto akamwambia, "Baba, mimi nilikimbia na wasichana waliokuwepo. Wewe hukuwepo." Tangu hapo hawasemeshani. Wifi yangu naye akaongeza chumvi, akauliza msichana anayemshinda baba yake mbio mume atamkamata vipi.

Mwanangu amechaguliwa kwenda kambi ya wakimbiaji vijana, karatasi inataka sahihi ya mzazi, mwisho Ijumaa, na baba yake amesema hasaini mpaka akimbie kama yeye, miguu mitupu, kwenye vumbi, ashuke chini ya mbili na mbili. Jumapili mtoto alijaribu akapata mbili na tisa, akarudi kisigino kimechanika, na anasema Alhamisi atajaribu tena, namwosha kwa maji ya chumvi na siwezi kumtazama usoni.

Siwezi, mshauri, kwa sababu siku ile baba yake aliposhinda, saa niliishika mimi. Nilikuwa msichana wa kuosha masufuria jikoni kwenye shule yenye uwanja ule, mwalimu wa kushika saa hakutokea, wakaniita mikono ikiwa na povu, wakanivalisha saa shingoni wakaniambia bunduki ikilia bonyeza, wa kwanza akifika bonyeza tena. Bunduki ikalia, nami sikuwahi kusikia bunduki karibu vile, nikaziba masikio kwa mikono yote miwili, nilipokuja kukumbuka kubonyeza yule kijana ameshapiga hatua ishirini na zaidi. Nikanyamaza. Walipotangaza muda uwanja mzima uliruka, na jioni akaja dirisha la jikoni kunishukuru, kesho yake akaja tena, ndiyo mpaka leo. Wageni wakija ananiita, "Mama watoto, njoo useme, wewe ndiye shahidi," natoka na kitambaa cha vyombo nasema mbili na mbili. Miaka ishirini na saba.

Nikisema nitamvunja mume wangu, nisiposema mwanangu atakosa kambi au atakosa mguu. Nifanye nini?

Mama Shahidi

*

Mama Shahidi,

Pole sana. Nimecheka pia, unisamehe.

Mumeo akiuziwa mbao hakubali kipimo cha muuzaji, anatoa futi yake. Ujana wake wote lakini ameupimisha kwa msichana aliyeziba masikio. Hakosei kusema viatu vya leo vinasaidia, na njia pia. Kosa lake ni kuyajua makato yote ya mwenzake na yake asilijue hata moja. Hata mwamuzi mzoefu akishika saa ya mkono huchelewa kidogo mlio wa bunduki, mkimbiaji akapata zawadi. Wewe ulikuwa mkarimu zaidi. Lakini siku ile alifika wa kwanza, na hilo hukulibonyeza wewe. Mwambie na hilo, asije akadhani umemnyang'anya kila kitu.

Sasa wewe. Unaniandikia kana kwamba kalamu ya nyumba hiyo ni moja na anayo mumeo. Karatasi, kwa maneno yako mwenyewe, inataka sahihi ya mzazi. Huyo mtoto alizaliwa na nani? Umejaza kurasa tatu juu ya ndoo, halafu jina lako moja likushinde? Umeona ni rahisi kumwosha mtoto kidonda kuliko kumzuia asikipate, na hapo sikuhurumii hata kidogo.

Weka sahihi leo asubuhi, hata ikipinda, na umkabidhi kocha mwenyewe, mkono kwa mkono. Mbio za Alhamisi zifute. Usimwombe mumeo azifute, mwambie binti yako mama amekataa, basi. Karatasi ikishapokelewa, nenda karakana, mwambie aweke randa chini, umweleze habari ya saa, ninyi wawili, bila wifi. Usianze na ukweli ukamalizia na karatasi, maana atadhani umemfanyia biashara. Atanuna. Mpikie, mwache anune. Ubao usiuguse, aliyeupigilia msumari ndiye atakayejua la kuufanyia.

Na fanya haraka, mama. Jina lako nimelificha, lakini seremala mwenye sekunde zake juu ya televisheni sikuweza kumficha bila kuiharibu barua, na gazeti hili linaingia mitaani saa moja asubuhi.