Miembe Mitatu ya Shangazi

Mshauri wetu, shikamoo. Jana Jumamosi Caroline, mkaguzi wa kampuni inayonunua maembe yetu ya kupeleka ng'ambo, alituambia kikundini kwamba mtego wa shambani kwangu umenasa nzi wa matunda kumi na saba kwa wiki moja, na kwamba Alhamisi atapasua maembe ya kreti zilizoko chumba cha baridi Msambweni, na akikuta funza hata mmoja mzigo wa wakulima thelathini na wanne hauendi, na mimi ndiye katibu, na mimi ndiye ninayejua nzi wametoka wapi.

Ndani ya shamba letu hapa Kikoneni mna miembe mitatu ya Bi Mbodze, shangazi ya mume wangu Kibwana, maana babu yake Kibwana alipogawa urithi ardhi iliwaendea wanaume na miembe hiyo akapewa yeye, na hakuna anayeigusa bila idhini yake, nami nilipomwendea kwa adabu kumwomba tutundike mitego na kufukia maembe yaliyoanguka, maana nzi huzaliana humo, akanijibu, "Wewe umekuja hapa na sanduku moja, miembe umeikuta. Embe langu likianguka, liache lilale." Basi nikaona haya kulipeleka jambo hilo kikaoni, na kila Ijumaa kwa wiki sita nikaandika kwenye fomu ya ukaguzi ya kikundi, nikasaini, kwamba miti yote ina mitego na chini kumefagiwa, na mbaya zaidi wiki iliyopita shangazi mwenyewe alisema yake yachumwe pamoja na yetu, yakachanganyika katika kreti kumi na moja zenye namba ya shamba letu. Kibwana aniambia, "Nyamaza, huenda akapasua ya wengine." Nami silali. Niseme nivunje ukoo, au ninyamaze?

Hasina (majina nimeyabadilisha), Kikoneni

*

Marahaba, Hasina. Pole, ila pole haitoi funza ndani ya embe. Haya ya kumkabili shangazi ilikuwa yako peke yako, ukawabebesha watu thelathini na watatu bila kuwauliza. Shangazi hakusaini fomu. Umesaini wewe, mara sita.

Mumeo anataka mbahatishe kwa jasho la jirani zenu. Mkatalie.

Nimemuuliza mkaguzi mmoja wa mazao, bila kutaja jina wala kijiji. Alisema, "Namba ya shamba imewekwa kwenye kreti kwa ajili ya siku kama hiyo. Wakizitoa wenyewe mapema, zinabaki hizo tu. Nikizikuta mimi, narudisha mzigo wote."

Basi usingoje Alhamisi. Leo Jumatatu, kabla ya adhuhuri, mpigie Caroline, mweleze yote, fomu pia. Zitolewe kreti zote kumi na moja, msichambue embe moja moja. Mwenyekiti wa kikundi naye ayasikie kwako, kabla hajayasikia kwa mwingine. Wakikuvua ukatibu, waachie.

Kwa Bi Mbodze nenda na Kibwana, na yeye ndiye aseme, kwa kuwa ni damu yake. Msiombe miembe, ni yake. Ombeni kutundika mitego na kuokota yaliyooza, basi. Mazuri yake yachumwe siku yake, yauzwe sokoni Ukunda. Akikataa hayo, shamba lenu litoke katika orodha ya kikundi msimu huu. Itawauma nyinyi wawili, si wote thelathini na wanne.

Chumba cha baridi kinafunguliwa kesho Jumanne, saa mbili asubuhi. Uwe mlangoni, kreti zenu zitoke mbele ya macho yako.