Nyimbo za Jikoni

Seven Hills, Sydney
12 Juni 2022

Mpendwa wifi yangu Abigail,

Pokea salamu zangu, nikitumaini maumivu ya goti yamepungua na unafika kanisani bila mkongojo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Huku baridi imeanza, na bado natoka alfajiri kwenda kuwaogesha wazee wa watu. Sweta ya kaka yako ile ya kijani nimeikunja. Sijaigawa.

Barua yako niliipata, unisamehe kwa kukaa nayo wiki tano. Umeniomba maneno ya nyimbo tatu za kaka yako Kalume, mbali na "Kiatu Kimoja", ili vijana wa kwaya wajifunze kabla ya ukumbusho wa mwaka mwezi wa nane. Umenikumbusha kwamba ni mimi niliyekuwa nikiwaambia kila nikipiga simu kuwa ana nyimbo zaidi ya arobaini.

Wimbo ule wa kiatu ni wako. Wewe ndiwe mtoto mwenye degedege, na ni mama yenu aliyekimbia nawe kwenye matope akafika hospitali na kiatu kimoja. Sijui kama kaka yako aliwahi kukueleza watu wa hapa walivyoufanya. Redio ziliupiga miezi minne mwaka wa tisini na nane, na tangu hapo kila baa aliyoingia na gitaa lake walipiga kelele wakiutaka. Kwenye kiitikio walivua viatu, wakavijaza bia, wakanywa. Ni mchezo wao wa furaha, hawakuwa na ubaya. Jukwaani alicheka nao. Kwenye gari aliizima redio.

Akianza wimbo mwingine, watu walienda msalani. Hata Wakenya wenzetu. Kwenye harusi moja, Gitau, msema chochote wa sherehe zetu, alitangaza kwamba DJ apumzike, Bwana Kiatu ameshafika. Nikasimama nikamwambia mbele ya wageni kwamba mume wangu si redio ya stesheni moja. Akaniuliza, haya shemeji, tutajie basi mwingine. Ukumbi ukacheka. Nilikaa, nikidhani ni dharau yake iliyoniuma.

Mwaka jana tulipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona na baa zikafungwa, Kalume alishinda jikoni akiziimba nyimbo zake zile kwa sauti ya chini, mimi nikiosha vyombo. Hakuandika hata mmoja. Alisema wimbo usioombwa mara ya pili hauna haja ya wino.

Mwezi wa nane akaugua. Jamaa hatukuruhusiwa kuingia hospitalini. Kulikuwa na muuguzi wa kwetu, Jepchumba, aliyemshikia simu ili nimwone. Kalume alisema kitu ndani ya ile barakoa ya oksijeni, nami sikusikia. Jepchumba akaniambia, dada, anaomba umwimbie, lakini si ule. Anataka mmoja wa zile za jikoni.

Wifi, sikujua hata mmoja. Nilikumbuka alivyogonga kisigino sakafuni. Nilikumbuka doa la chai kwenye gitaa. Nilikumbuka nikimwambia apunguze sauti nisikie idadi ya wagonjwa wa siku hiyo. Maneno sikuwa nayo. Jepchumba akasema, dada, anangoja. Nikaimba "Kiatu Kimoja", nikafika mpaka kiitikio. Jepchumba akaniambia ameugeukia ukuta, labda amepata usingizi. Najua hakuwa amelala. Siku iliyofuata alifariki.

Mazishini tulikuwa watu kumi, na kuimba kulikatazwa. Wewe ulitazama kwenye simu ukalia kwamba kaka yako anazikwa bila wimbo, nami nikakujibu kuwa ni amri ya serikali. Ilikuwa amri kweli. Ila mimi niliishukuru, kwa sababu hakuna ambaye angenigeukia aniambie nianzishe.

Kwa hiyo sina maneno ya kukutumia. Vijana na waimbe "Kiatu Kimoja", waimbe polepole. Wakiuliza kama alikuwa na mwingine, usinifichie. Waambie zilikuwepo nyingi, na kwamba mkewe aliombwa mmoja tu, akakosa.

Nisalimie mama, umfunike vizuri na baridi ya asubuhi, na wote wanaoniulizia hapo nyumbani.

Ni mimi wifi yako,
Rispah