Samaki wa Runyenjes Wanapumua

Baba Kendi mpendwa,

Mmeamkaje huko nyumbani? Kikohozi cha mama yako kimepungua? Kendi anakula? Chemsheni maji ya kunywa, msichoke kuchemsha. Mimi niko mzima hapa Runyenjes, na leo nina furaha hata kalamu haitulii.

Unajua Mwalimu Wawira aliniandika kazi ya kutunza bwawa lake la samaki. Basi majuzi samaki wakaanza kuja juu, midomo wazi, pa, pa, pa. Mimi nikafikiri ni njaa, kama ndama akikuona na ndoo. Nikaongeza pumba. Asubuhi wengine wameelea. Mwalimu akasema, "Mama Kendi, kama kazi imekushinda, rudi kwenu." Jirani naye akacheka: "Mmeru na samaki, wapi na wapi!" Nililia, Baba Kendi. Nirudi huko na uso gani?

Lakini nikapasua mmoja aliyekufa. Kwa matamvua, pale anapopumulia, kumejaa ute mzito kama makamasi. Nikajua huyu hakufa njaa, amekosa pumzi. Nikafuata mfereji unaoleta maji bwawani mpaka juu, nikakuta fundi anavunja betri kuukuu za magari na kuziosha kwa maji yetu.

"Maji yanapita tu, mama," akasema.

Hapa kila Jumamosi wenye mfereji, fundi akiwa mmoja wao, wanakutana kuusafisha. Nikaenda na ndoo mbili: moja maji niliyochota juu ya pale fundi anapooshea betri, moja ya chini yake. Nikatia kila ndoo samaki wazima wa bwawa lingine. Tukazoa matope, tukarudi. Wa ndoo ya kwanza wanaogelea. Wa ya pili wako juu, pa, pa, pa. Mzee wa mfereji akamwambia fundi, "Haya, kunywa kikombe kimoja cha ndoo hii ya pili." Akakataa!

Amehamisha betri zake zote. Afisa wa samaki amesema yale madini ya betri hushika matamvua, hewa isipite. Waliokufa tumewafukia, bwawa tumelimwaga, na hatuuzi hata mmoja mpaka maji yapimwe. Waliobaki wako kwa tangi la maji safi, wametulia chini. Mwalimu amesema mbele ya wote, "Mambo ya bwawa, muulizeni Mama Kendi."

Nisalimie mama yako, na mkumbatie Kendi. Msalimie pia dada yako wa Makutano, aliyesema sitamaliza mwezi. Mwambie nimeumaliza.

Mkeo anayenuka samaki na kutembea kichwa juu,
Mama Kendi